Pindo la Kanga na Macho ya Mwamvua

Arobaini ya mama ilipopita, tuliketi sebuleni kwetu Gongoni, Tabora, kugawana nguo zake. Tulikuwa mama wadogo wawili, mimi, na dada yangu Mwamvua, aliyekaa mkekani karibu na dirisha kwa sababu ndiko kwenye mwanga. Mwamvua ndiye aliyegawa. Jicho lake la kulia haliambulii kitu zaidi ya weupe, na la kushoto linaona kwa msaada wa lenzi ngumu ambayo siku za vumbi haivaliki, kwa hiyo alizipapasa kanga moja moja na kusema hii ya mama mdogo, hii iende kwa jirani aliyemwosha marehemu. Hakukosea hata moja. Alipofika kwenye kanga moja nyekundu iliyopauka, vidole vyake vilitulia kwenye kona.

"Hii ya mdogo wangu," alisema, akaninyoshea.

Sikuhitaji kusoma jina lake. Iliandikwa Wema Hauozi, na kona yake moja ilikuwa laini na nyembamba kuliko kona nyingine tatu. Wenzangu walipotoka kwenda uani kunywa chai, niliikusanya kona ile kiganjani, nikaiweka mdomoni na kuipulizia pumzi ndefu kutoka tumboni. Pamba ikapata moto. Ikatoa harufu ya unyevunyevu, ya udi kwa mbali na ya mate ya mtoto, na mimi mtu mzima mwenye wanangu nikashikwa na kilio ambacho hata siku ya maziko sikukilia.

Nyie wa rika langu hamhitaji kuelezwa. Kila mmoja wetu aliwahi kuingiwa na kitu jichoni, na mama au bibi akakunja pindo la kanga, akalipulizia pumzi likawa vuguvugu, akalikandika jichoni huku akisema haya, haya, limeisha. Na kweli lilikuwa linaisha. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza niliyoijua duniani, na ndiyo dawa pekee niliyowahi kuwa fundi wake.

Mama alikuwa anadarizi kofia. Alichora maua kwa penseli kwenye kitambaa cheupe, akatoboa vitobo kwa sindano, kisha akakizungushia kila kitobo uzi mpaka kikasimama chenyewe. Kofia moja ilichukua wiki nyingi. Baba alikuwa fundi baiskeli, anaondoka asubuhi na kurudi mikono myeusi. Mwamvua alinizidi miaka minne, na alipofika darasa la nne tayari vitobo vyake vilikuwa vinafanana kuliko vya mama. Wateja walipokuja kuchukua mzigo, mama aliwaonyesha kazi ya Mwamvua bila kusema ni ya nani, akangoja waisifu, ndipo akacheka. Ilikuwa inajulikana nyumbani kwamba mimi nitasoma na Mwamvua atashona, kwa sababu vidole vyangu mimi vilikuwa kama vya kushikia jembe.

Jina Mwamvua hupewa mtoto aliyezaliwa siku ya mvua, na dada yangu kweli alikuwa mtu wa mvua. Masika yakiisha, taabu yake inaanza. Miembe ya Tabora mnaijua, ile inayofuata njia ya zamani ya misafara kuelekea Kwihara, ambayo wazee wanasema iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na wapagazi. Sisi wengine tulipoona maua yake tulihesabu siku za maembe. Mwamvua alipoyaona aliinamisha kichwa. Maua yalipukutisha unga wake, upepo ukaleta vumbi la barabarani, na macho yake yakawa mekundu na mazito. Yalimwasha kiasi kwamba alikuwa anayasaga kwa vifundo vya vidole, kwa kukaza meno, kama mtu anayetwanga. Mwanga wa jua ulimchoma. Alitembea kwenda shule na daftari usoni, na watoto wakamtungia maneno.

Asubuhi macho yake yalikuwa yamegandana kwa matongotongo. Ila hayakuwa kama yangu mimi nikiumwa mafua. Yalikuwa meupe, yananata, na ukiyashika pembeni ya jicho na kuyavuta taratibu yanarefuka, yanarefuka, mpaka unashangaa yalikuwa yamekaa wapi. Siku ya kwanza kuona jambo hilo nilikuwa na miaka saba. Nilimtazama dada yangu, nikatazama kofia mapajani mwake, nikajua kila kitu.

Ulikuwa uzi. Uzi wa kofia umemwingia machoni.

Msinicheke. Mchana kutwa alikuwa ameinama juu ya uzi mweupe, na asubuhi anatokwa na uzi mweupe. Hata mahakamani ningeshinda. Nilifikiri unaingia taratibu kila anapoukazia macho, unajikunja huko ndani kama kwenye kidonge chake, na ndio unaomwasha. Sikumwambia mtu, maana niliona wazi kwamba mama akijua atamwachisha kushona, na Mwamvua bila sindano alikuwa anakaa kama mgeni nyumbani kwao. Nikaamua nitautoa wote mimi mwenyewe, kidogo kidogo, mpaka uishe.

Mwanzoni mama ndiye aliyemkanda. Lakini mama mikono yake ilikuwa na kazi, na siku moja akanivulia kanga yake begani na kuniambia, "Haya, msaidie dada yako, umeona ninavyofanya." Ikawa kazi yangu. Mwamvua alikuwa anajilaza mkekani, anaweka kichwa mapajani mwangu, nami nakunja pindo, napuliza, nakandika. Kisha nafikicha. Mama alikuwa anakandika tu na kuondoa, lakini mama hakujua habari ya uzi. Mimi nilisukuma kwa kiganja, nikazungusha, nikakaza, kutoka pembe ya pua kwenda pembe ya nje, nikiukokota. Mwamvua alikuwa anashusha pumzi ndefu ya raha na kusema, "Hapohapo. Usiache." Na uzi ulikuwa unatoka kweli. Jinsi nilivyofikicha zaidi ndivyo ulivyozidi kutoka. Ningewezaje kujua kwamba nilikuwa nauzalisha mwenyewe?

Nilikuwa na fahari, lazima niseme. Nyumbani kwetu kila mtu alikuwa na ufundi wake, na mimi sasa nilikuwa na wangu.

Kiangazi kimoja alikuja shangazi yake baba kutoka upande wa Igunga, na gunia la mchele kichwani mwa kijana wa stendi. Tulimpigia magoti. "Mwangaluka, bibi," Mwamvua alimwamkia, kwa lugha ya kwao baba. Bibi yule alimshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga.

"Huyu mtoto macho haya ameyapata wapi?" alimuuliza mama.

"Ni vumbi tu, mama."

"Vumbi ni la wote. Mbona huyu mdogo yake meupe?"

Hakusema zaidi, lakini mama alishika mkono wa Mwamvua na kumpeleka chumbani kama anayemficha na mvua. Mama alijua, kama kila mtu wa kwetu anavyojua, kwamba maneno ya uchawi juu ya macho mekundu huanza kidogo kidogo na hujui yatakapoishia. Kesho yake alimpeleka kwa mganga wa zahanati. Mimi sikwenda. Walirudi na chupa ndogo ya dawa ya matone na agizo moja, ambalo mama alilitangaza kwa nyumba nzima akiwa bado hajavua baibui: Mwamvua asiyafikiche macho yake. Asiyafikiche hata yakiwaka moto.

Mama hakuwa mtu wa kuambiwa mara mbili. Jioni ileile alichukua vipande vilivyobaki vya kitambaa cha kofia, akashona vifuko viwili vya mikono vyenye kamba, na akavidarizi maua ukingoni ili mtoto asione aibu. Alimvisha wakati wa kulala, na kila alipotoka kwenda sokoni alimvisha tena na kumfunga kamba kwa fundo ambalo huwezi kulifungua kwa meno. "Navumilia kukuona unalia," alimwambia, "sivumilii kukuona kipofu."

Na akishatoka tu, sauti inakuja kutoka chumbani. "Mdogo wangu. Njoo."

Nilifikiri sana, nilivyoweza kufikiri. Mganga alikuwa amekataza mikono ya Mwamvua. Mikono yangu haikutajwa. Tena mimi nilikuwa na kanga, na kanga ilikuwa dawa, mama mwenyewe alinipa. Basi niliilaza dhamiri yangu hapo, nikakunja pindo, nikapuliza. Dada yangu alinyosha mikono yake miwili yenye vifuko vyeupe kando ya mwili, kwa utii kabisa, kama maiti, na mimi nikawa mikono yake. Tulifanya hivyo kiangazi kile na viangazi vingine vingi. Alipokuwa mkubwa wa kutosha kuachwa bila vifuko, aliendelea kuniita, nami niliendelea kwenda, hata baada ya kuacha kuamini habari ya uzi. Mazoea yana taabu.

Mtungi wa maji ulikuwa mlangoni. Nautaja kwa sababu siku hizi nikifumba macho ndio ninaouona. Ulikaa kivulini juu ya mafiga matatu, na maji yake kiangazi yalikuwa baridi mpaka yanauma meno. Ulikuwa hatua mbili kutoka mkekani.

Dalili zilianza kwenye kofia. Mwamvua alikuwa kidato cha pili, na siku moja mama aliinua kazi yake juu kwenye mwanga, akaishusha, akaiinua tena. Vitobo vilikuwa vimeyumba. Vingine alikuwa amevitoboa mara mbili, ubavu kwa ubavu. Mama alimgombeza kwa uzembe, na Mwamvua akasema, "Mama, ninaona sindano mbili." Wakampeleka akapewa miwani. Baada ya muda miwani haikufaa, akapewa nyingine, na hiyo nayo ikachoka upesi kuliko viatu vya shule. Herufi za ubaoni zilikuwa na vivuli, alisema, na taa ya baiskeli ya baba ilikuwa na mikia. Mimi nilimwonea wivu. Nilifikiri anaona vitu vizuri.

Halafu ikaja asubuhi aliyoamka na kilio. Nilikimbia na kanga, maana ndivyo nilivyozoea, nikamwondoa mkono usoni. Katikati ya jicho la kulia palikuwa pamegeuka peupe, kama yai linapoanza kuiva sufuriani. Nilikuwa nimeshaikunja kona. Mama alitokea nyuma yangu, akaona, kanga ikanidondoka.

Hospitali kubwa tuliyopelekwa ilikuwa mbali, siku nzima ya basi. Daktari wa macho alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Alimtazama Mwamvua kwenye mashine yake muda mrefu, kisha akatugeukia na kutaja jina ambalo mama hakuweza kulitamka, keratokonasi. Daktari akaona kofia aliyokuwa ameishika mama, kwa sababu mama hakusafiri bila kazi mkononi, akaiomba.

"Mbele ya jicho kuna kioo," alisema. "Kinatakiwa kiwe mviringo, kama kofia hii ilivyokaa. Sasa chukua kofia iliyofuliwa mpaka kitambaa kimelegea." Akaisukuma kwa kidole kutoka ndani, ikatokeza ncha. "Kioo cha binti yako kimekuwa chembamba na kimechongoka hivi. Ndiyo maana alikuwa anaona vitu viwili viwili. Na sasa kimepasuka kwa ndani, maji yameingia, ndio huo weupe. Maji yatapungua, ila kovu linaweza kubaki."

"Imetokana na nini, daktari?"

"Ana aleji ya macho ya miaka mingi. Aleji yenyewe inawasha, na anayewashwa anafikicha. Kufikicha sana, kila siku, mwaka baada ya mwaka, kunakidhoofisha kioo. Siwezi kukwambia ni hilo peke yake. Wapo wanaozaliwa na udhaifu huo, na wapo wanaofikicha na wasiupate. Lakini kwa mtoto kama huyu, kufikicha kulikuwa sumu. Ukitaka kumtuliza, kitambaa cha maji baridi, unaweka tu juu ya jicho. Pamoja na dawa zake."

"Lakini nilimfunga mikono!" Mama alisimama. Sijawahi kumsikia akipaza sauti kwa mtu mwenye koti jeupe, kabla wala baadaye. "Daktari, huyu mtoto nilimfunga mikono mimi mwenyewe. Nilimshonea vifuko."

Mimi nilikuwa kwenye kiti kando ya mlango. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilielewa kila neno. Nilitazama mikono yangu, nikaiingiza chini ya mapaja, nikaikalia. Nilingoja mtu aniulize. Hakuna aliyeniuliza.

Mama alimgeukia Mwamvua. "Ulikuwa unavivua nikitoka? Eh? Niambie. Ulikuwa unavivua?"

Dada yangu alikuwa na pamba kwenye jicho moja. Kwa lile jingine alinitafuta pale mlangoni, mwanga ukamsumbua, akaliinamisha.

"Ndiyo, mama," alisema. "Nilikuwa navivua."

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema watu, na mimi nilikuwa nguo yenyewe. Nikanyamaza. Nilinyamaza siku ile, nikanyamaza kwenye basi la kurudi, nikanyamaza miaka yote. Jicho la kulia lilibaki na kovu. La kushoto lilipatiwa matibabu ya kukikaza kioo kisiendelee kuchongoka, na baadaye ile lenzi. Wanasema la kulia linaweza kuwekewa kioo cha mtu aliyefariki, na jina la Mwamvua limeandikwa, tunangoja. Kofia aliacha. Mimi nilisoma, kama ilivyopangwa, nikapata kazi Igunga, nikawa mtu wa kuja na zawadi. Na mama, kila alipokasirika kwa jambo lolote, chumvi imezidi au mlango umeachwa wazi, alimaliza kwa kumwambia Mwamvua, "Wewe husikii. Ungesikia usingekuwa hivyo ulivyo." Mwamvua anaitikia, "Kweli, mama." Mama amezikwa akiamini hivyo. Nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini ya kumwambia, na nilikuwa naye hospitalini wiki yake ya mwisho, nikimpaka mafuta miguuni, na sikumwambia.

Basi siku ile ya kugawana nguo nilikuwa bado nimeiweka kona ya kanga mdomoni niliposikia hatua. Mwamvua alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu.

"Unapuliza," alisema.

Nikamwambia. Niliongea kama ninayetapika, bila mpangilio, mganga na vifuko na kiti cha mlangoni, na kwamba ni mimi niliyemnyamazia mama. Nikamwambia hata habari ya uzi. Hapo alinikatiza.

"Uzi? Uzi wa kofia?"

"Nilifikiri umekuingia."

Alicheka. Alicheka mpaka akashikilia ukuta, kicheko kile cha utotoni cha kupitia puani, mpaka machozi yakamtoka, akayagusa kwa ncha ya leso bila kukandamiza, kama alivyofundishwa. Kisha akaja akakaa mkekani karibu yangu.

"Mdogo wangu," alisema, "mvua ikinyesha, macho yangu yalikuwa yananiwasha?"

"Hapana. Mvua ilikuwa inakupumzisha."

"Na nilikuwa nakuita?"

Nilianza kusema hapana, nikanyamaza, kwa sababu nilisikia. Nilisikia mvua juu ya bati, nzito, ya mwezi wa kwanza, na sauti ya dada yangu chini yake. Mdogo wangu. Njoo. Nami nimeketi, kichwa chake mapajani, nafikicha.

"Mama alikuwa na kofia, baba alikuwa na baiskeli," alisema Mwamvua. "Shuleni walikuwa hawataki kukaa na mimi, na bibi wa Igunga hakula tena chakula nilichopakua. Nilijua mganga alichosema, mimi si nilikuwepo? Wewe hukuwepo. Lakini ulikuwa unanishika kichwa. Basi nilikuwa nakuita tu."

Mama wadogo walikuwa wanacheka uani na vikombe vinagongana. Nilinyanyuka, nikaenda mlangoni, maana mtungi upo palepale hadi leo, nikachota maji na kuichovya kona ya kanga. Nilidhani itakuwa nzito, lakini imelika sana, haishiki maji mengi. Nikaikamua.

Mwamvua alikuwa ameshajilaza. Niliketi, akakisogeza kichwa chake mapajani mwangu bila kuambiwa, nikamfunika macho yote mawili kwa kitambaa cha baridi.

Alishtuka kidogo. "Hukupuliza," alisema.

"Sikupuliza, dada."

Alishusha pumzi. Nilimshika kichwa kwa mikono miwili, mmoja kila upande, nikaitazama mikono yangu na kuizuia isiende popote.